Uchumi wa afya kama kazi ya utafiti na chuo, mtu wa Pemba anaanzia wapi?

Bint Jadida

Assalam alaykum jamani, mnivumilie maana ntaandika kirefu, leo nimetoka kazini karibu na magharibi na madaftari bado yamo kichwani.

Mie nimesoma uchumi digrii ya kwanza chuo kimoja bara, nikamaliza na GPA 3.6, nikarudi kwetu Wete nikakaa mwaka mzima nyumbani napika na kuanika karafuu, baadae nikapata mkataba wa takwimu hospitali. Kazi yenyewe ni kuchukua madaftari ya wodi na kliniki, kuhesabu mistari na kuingiza kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kila mwezi unapomalizika. Wenzangu wanaiona ya kusinzilia ila mie imenishika, nikikosa daftari siku mbili najihisi nimepotewa na kitu.

Sasa kuna jambo nimeliona. Nilikuwa nachora grafu kwenye Excel kujifurahisha tu, mama wangapi wamekuja kliniki ya wajawazito na wangapi wamekuja kujifungua, miaka mitatu. Nikaona kuna miezi mstari wa kujifungua unazama halafu unapanda tena, na ule wa kliniki wala hauzami sana. (Mwaka wa kati umekaa ovyo, shimo haliko pahala pake, nadhani nilikosea kuingiza, msinicheke.) Nikamuuliza mkunga mmoja hapa kwetu, akanijibu hata hakuinua uso, "si karafuu hizo". Basi wiki mbili nalala na neno hilo. Maana kwa akili yangu mie msimu wa karafuu ndo watu wana pesa, nauli ipo, gari zipo, mbona ndo wanazalia nyumbani?

Nikaingia mtandaoni kutafuta, kumbe kuna fani nzima inaitwa uchumi wa afya na nyengine utafiti wa huduma za afya, watu wanafundisha vyuoni na kupata uprofesa kwa maswali kama hayo. Nikaganda. Nakitaka hichi kitu.

Tatizo ni baba. Binamu yangu kanisemea nafasi benki, Unguja, na wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Baba anasema uchumi ni benki, uchumi wa afya ndo nini, ugonjwa una uchumi gani, ugonjwa una hasara tu. Na mie jibu sina.

Kwa hiyo nauliza kwa wanaojua: hii ni kazi kweli ya mtu kuishi nayo au ni ndoto? Inaanzia wapi? 3.6 inafaa? Na mtu wa uchumi ambaye hata sindano hajui kushika hospitalini wanamkubali?

Kijana wa Michenzani

Chukua benki yakhe. Nnavyojua mie uchumi wa afya ni ile semina ya siku tatu hotelini, bango nyuma, chai na sambusa, posho, picha ya pamoja, kwaherini. Nitajie watu watano hapa kwetu wanaolisha watoto kwa kazi hiyo halafu tuzungumze.

Mzee wa Dodoso

Kijana wa Michenzani semina hizo nimekaa nyingi na sambusa nimekula, kwa hiyo sikukanushi. Lakini bint, baba yako kasema neno kubwa kuliko anavyojua. "Ugonjwa una hasara tu." Hiyo hasara nani anaihesabu?

Mie nilianza kwenye kazi hii 2009 mbeba madodoso, leo wananiita mtafiti mwandamizi, naweza kukupa kisa kimoja tu ukampelekee mzee.

Tulikuwa kijiji kimoja upande wa Micheweni tunauliza kaya gharama za matibabu. Tukamkuta bibi mmoja, mwanawe kajifungua kwa kupasuliwa. Nikauliza kama dodoso linavyotaka, mlilipa kiasi gani hospitali? Akasema hatukulipa kitu mwanangu, bure. Nikaandika sifuri nikawa nageuza karatasi. Mwenzangu, mwanamke mtu mzima kuliko mie, akaweka kalamu chini akamwambia bibi hebu tuhadithie siku yenyewe ilivyokuwa. Eeh! Gari ya kukodi usiku wa manane kufika hospitali ya kwanza, kule wakaambiwa endeleeni mbele, gari ya pili. Dawa moja haikuwepo ikanunuliwa duka la nje. Wauguzaji wawili wanakula mkahawani siku sita. Mkwe hakwenda baharini siku hizo zote sita. Mbuzi jike mmoja, tena hakuuzwa bei ya mbuzi, kauzwa bei ya mtu mwenye shida saa nane ya usiku. Tulipojumlisha mie nikaona haya na ile sifuri yangu, nikaifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Hiyo ndo kazi yetu. Tiba ya serikali Zanzibar ilitangazwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964, na ni jambo la kujivunia, ila mchumi wa afya anakuja nyuma anauliza hii bure imelipiwa na nani, lini, na kwa kuuza nini. Duniani kwa miaka mingi wamepima kwa kuangalia kaya ambazo gharama za tiba zimepita asilimia 10 au asilimia 25 ya matumizi yao yote. Yule bibi angepita mara ngapi sijui, na kwenye karatasi yangu ya mwanzo alikuwa sifuri.

Fani yenyewe watu wengi huianzia kwa Kenneth Arrow, Mmarekani, aliandika makala 1963 akaeleza kwa nini tiba haiuziki kama samaki wa Malindi. Samaki unamuona, unafunua shavu, unajua mbichi au kaoza, huyu hutaki unakwenda kwa mwengine. Mgonjwa hajui ataumwa lini, hajui anachonunua, na anayemuuzia ndo huyo huyo anayemwambia anunue. Bima inaingia hapo kusaidia na yenyewe inaleta mambo yake. Wamarekani wakafanya jaribio kubwa, la taasisi ya RAND, 1974 mpaka 1982, familia wamegawiwa bima tofauti kwa bahati nasibu, wengine wanalipiwa zote wengine wanachangia. Waliolipiwa zote walitumia huduma nyingi zaidi, na kwa watu wa wastani afya haikutofautiana sana, lakini masikini wenye presha walifaidika kweli na ile ya kulipiwa. Sasa tazama hapa kwetu, 2023 umeanza Mfuko wa Huduma za Afya, ZHSF. Nani achangie na kiasi gani, hospitali ilipwe kwa kila huduma au kwa kila kichwa kilichoandikishwa, mchuma karafuu asiye na mshahara utamkata wapi? Haya maswali yanataka watu wa hapa hapa, tena wanaojua msimu ni nini.

Au kipindupindu. 2009 kulikuwa na chanjo ya kunywa, Chumbuni kwa Unguja na Mwambe huku Pemba, ikakinga vizuri. Halafu wachumi wakakaa na vikokotoo wakasema kwa bei ile ya dozi, dola kama 10, pesa haikurudi, chanjo nzuri bei mbaya. Bei ishuke sana na tuhesabu pia wale waliokingwa kwa sababu jirani kachanjwa, hapo hesabu inageuka. Mtu wa dawa peke yake hilo halimpitii kichwani.

Sasa ubaya, maana sitaki uje kunilaumu. Watafiti wengi tunaishi kwa miradi. Mkataba miaka miwili, mitatu, mradi ukiisha na wewe umeisha, unaandika andiko jengine la kuomba pesa usiku huku ada za watoto zinakusubiri. 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, nilikuwa na wenzangu wamelala na kazi wameamka hawana, watu wenye PhD, si mzaha. Na miaka yangu saba ya mwanzo jina langu lilikuwa kwenye shukrani mwisho wa makala, mwandishi ni mtu aliyekuja wiki mbili. Siku hizi imepungua, haijaisha. Benki haina mambo hayo.

Muuguzi wa Mkoani

Salaam. Mie ni muuguzi, nimesoma masta ya mifumo ya afya, kwa hiyo nasemea ule upande wa pili ulioutaja bint, utafiti wa huduma, maana Mzee wa Dodoso yeye pesa tu ndo imemjaa.

Mchumi anauliza imegharimu kiasi gani na imestahili? Sie tunauliza huduma imemfikia nani, imefikaje, na ilikuwa huduma au ilikuwa foleni. Kuna daktari mmoja mzaliwa wa Beirut, Avedis Donabedian, mwaka 1966 aliigawa mafungu matatu na mpaka leo tunakula humo: kilichopo, kinachofanywa, kinachotokea. Kilichopo ni kitanda, glavu, mkunga. Kinachofanywa ni je huyo mkunga kapima presha au kaandika tu kapima. Kinachotokea ni mama na mtoto wametoka wazima.

Ntakwambia nilivyoanza. Niliwekwa benchi la kliniki, kituo sikitaji, na saa ya simu na karatasi, niandike kila mama kafika saa ngapi na kaitwa saa ngapi. Mama wa kwanza kafika saa moja na robo asubuhi, kaitwa saa nne kasoro dakika kumi, ndani kakaa dakika sita. Masaa mawili na nusu na ushei kwa dakika sita! Na mie muuguzi, miaka yote nilikuwa upande wa ndani wa ule mlango nikifikiri tunafanya kazi kwa kasi, na kweli tulikuwa na kasi, wallahi jasho linatutoka. Kutoka nje nikaona kumbe kadi zote zinaandikwa upya na mtu mmoja mwenye kalamu moja. Tulihamisha meza tu. Meza! Hakuna mfadhili hakuna semina.

Na ukitaka mfano mkubwa wa hapa hapa Zanzibar, kulikuwa na utafiti wa simu kwa wajawazito, vituo 24, wanawake 2,550, nusu vituo mama wanapata ujumbe na vocha wampigie mkunga, nusu hawapati. Waliopata, asilimia 60 walizaa mikononi mwa mtaalamu, wasiopata asilimia 47. Ukisoma hapo unapiga makofi. Soma mbele, faida ilikuwa kwa wanawake wa mjini, wa shamba haikuonekana. Kwa hiyo simu si gari. Hiyo ndo raha ya kazi hii, jibu la ukurasa wa kwanza silo jibu.

Kuhusu sindano, hatukuhitaji ushike sindano. Tunachohitaji ni uheshimu anayeishika. Washakuja wachumi kwetu na dodoso kurasa 32, wodi imejaa, wanataka muuguzi akae chini saa nzima aeleze glavu ngapi kwa siku, wakaondoka na mpaka leo hatujui walipata nini. Wewe upo ndani tayari, wanakujua, mkunga anakujibu hata bila ya kuinua uso, hiyo ni heshima bint, wageni huinuliwa uso na hawaambiwi kitu.

Kijana wa Michenzani

Sawa nimesoma yote mpaka mwisho na chai imepoa. Lakini hamjajibu la 3.6.

Bint Jadida

Ahsanteni wallahi, Ami wa Dodoso kisa cha mbuzi nimemsomea mama, kacheka halafu akanyamaza, akasema na sie wetu tulimuuza hivyo hivyo uliposhikwa na homa mdogo wako. Sikuwa nalijua hilo mie.

Nna maswali mengine. La GPA kweli. Na hesabu, chuoni ikonometriki, zile hesabu za takwimu za uchumi, nilipata B tena kwa kukariri. Na kusoma nje lazima? Maana kwetu msichana kwenda mbali peke yake si jambo la kikao kimoja.

Dada wa Ng'ambo

Ng'ambo ya mji na sasa ng'ambo ya bahari pia, niko mwaka wa tatu PhD Uingereza, uchumi wa afya, mtu wa Unguja lakini bibi yangu wa Chake kwa hiyo nna haki ya kusema.

3.6 kwanza, nikwambie bila ya kukupaka mafuta. Matangazo ya kazi za kufundisha vyuo vya umma nchini niliyoyaona mie huandika 3.8 digrii ya kwanza, na masta 4.0. Kwa hiyo mlango wa kuingia chuo cha umma kama mkufunzi msaidizi ni mgumu kwako na masta nzuri haiifuti ile ya kwanza. Inauma najua, vipointi viwili. Lakini kazi hii si ya chuo peke yake. Taasisi za utafiti kama Ifakara kule bara, au maabara ya afya ya Ivo de Carneri hapo Wawi, Pemba, wanaangalia unaweza kufanya nini na umeandika nini. Na vyuo vya nje havina habari na hiyo 3.8 ya kwetu. Kuna watu wamezunguka kwa mlango wa utafiti wakafika mbali, wanasimamia wanafunzi wa PhD na hawajawahi kusahihisha mtihani wa mwaka wa kwanza maishani mwao, na mie binafsi nawaonea wivu maana kusahihisha karatasi 200 si kazi ya binadamu.

Hesabu. B ya kukariri wengi wetu tulikuwa nayo. Utajifunza tena ukiwa na swali lako mwenyewe, maana ikonometriki bila ya swali ni kama kujifunza kuogelea kwenye mkeka. Pakua R, programu ya takwimu, ni bure kabisa (bure ya kweli hii, Mzee wa Dodoso usianze). Stata ni nzuri ila leseni inauma. Chukua hilo grafu lako ulifanye upya kwenye R, utalia wiki ya kwanza.

Kusoma nje si lazima mwanzoni. Chuo cha Mzumbe kule bara wana masta ya usimamizi wa mifumo ya afya. Cape Town wana kitengo cha uchumi wa afya cha siku nyingi na wametoa wachumi wengi wa Afrika. York ya Uingereza wana kozi za masafa, unasoma uko Wete umeme ukiwepo, na Commonwealth wana udhamini wa kusoma kwa masafa vilevile. Chevening, udhamini wa serikali ya Uingereza, wanakupeleka mwaka mmoja huko ila wanataka uzoefu wa kazi masaa 2,800, ukijumlisha mkataba wako nadhani ushafika, kwa hiyo kazi hiyo wenzako wanayoiona ya kusinzilia wewe inakuhesabia masaa. Mie nilikwenda nje baada ya masta, baba alikubali mama akagoma, mwisho shangazi ndo aliyekwenda kuzungumza na mama na sijui hata walizungumza nini, nilitolewa chumbani.

Maisha ya PhD yenyewe, niseme kidogo. Si darasa. Unapewa msimamizi, meza na dirisha la kuangalia mvua. Makala yangu ya kwanza jarida limeirudisha, nikapeleka kwengine, wakakaa nayo miezi mitano, wahakiki wawili, mmoja anasema fupisha mwengine anasema ongeza. Unajifunza kutokulia, au unalia kisha unaongeza na kufupisha. Upweke upo, hasa Ramadhani, futari ya mtu mmoja mezani ni kitu kibaya sana. Lakini siku namba zangu zilipokubali, saa tisa usiku, sikuwa na wa kumwambia, nikampigia bibi Chake, kwake alfajiri inakaribia, nikamwambia bibi imekubali, akasema alhamdulillah hajui hata nini kimekubali.

Mzee wa Dodoso

Dada kamaliza. Mie narudi kwenye hilo shimo la karafuu maana limeninyima usingizi na mie.

Bint, nani kakwambia wanazalia nyumbani? Grafu yako inasema mama waliokuja kujifungua wamepungua. Hilo tu. Huenda wanazalia nyumbani, huenda wamehamia kambi za karafuu wamezalia kituo chengine karibu na shamba, huenda wamekwenda kwa mama zao, na huenda miezi hiyo watoto wanaozaliwa ni wachache tu kwa jumla. Mkunga kakupa sababu kabla hujathibitisha kitu chenyewe. Mkunga huenda kasema kweli, mie naamini wakunga kuliko maprofesa, ila muhakiki wa jarida hamjui mkunga wako.

Kwa hiyo tafuta daftari la chanjo. BCG, ile ya kifua kikuu, mtoto anachanjwa hata kama kazaliwa nyumbani, akija kliniki mara ya kwanza wanampa. Tazama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa pale, si tarehe ya chanjo. Ukikuta waliozaliwa miezi ya karafuu ni wengi kama kawaida kwenye BCG lakini wodini hawapo, hapo ndo useme wamezalia pengine. Ukikuta na BCG imezama, basi swali lako limegeuka, unatafuta kitu kilichotokea miezi tisa nyuma, hayo utamuuliza mtu mwengine si mie.

Na lile la pesa kuwepo na watu wasije, hapo pana uchumi mtamu. Msimu wa karafuu mfuko umejaa lakini siku imepanda bei. Siku ya kukaa hospitali mwezi mkavu anaikosa siku ya kukaa barazani, siku hiyo hiyo karafuu zimeiva anakosa pishi ngapi, na karafuu hazingoji zikishapevuka. Si yeye mama tu, ni mume, ni dada wa kumuuguza, ni mwenye gari ambaye kakodiwa kubeba magunia. Kwa hiyo gari ipo ila haipo. Wachumi wana jina lake, gharama ya kile ulichokiacha, na bima yoyote haiilipi hiyo. Ukiweza kuionesha hiyo kwa namba za Pemba, ZHSF wataisoma na London wataisoma.

Kuna data za TDHS 2022, ule utafiti wa taifa wa kaya kuhusu uzazi na afya, zina mwezi aliozaliwa mtoto na pahala alipozaliwa, na mikoa yetu miwili imo, uliza Ofisi ya Mtakwimu Mkuu utazipataje maana ule mradi nao ulikumbwa na kukatwa pesa za Marekani. Lakini sampuli ya Pemba ni ndogo, ukiigawa miezi kumi na mbili unabakia na vijitu vya kuhesabu kwa vidole. Madaftari yako ndo dhahabu.

Jambo jengine na hili nalisema kwa ukali kidogo. Grafu hiyo usiipeleke popote, usiiweke hapa, usimtumie mtu kwenye WhatsApp. Namba ni za hospitali si zako. Ukitaka iwe utafiti andika kurasa tatu, umuone mkuu wako wa kazi, halafu kibali cha maadili ZAHREC, ile kamati ya ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya Zanzibar. Inachukua muda, unaweza kuambiwa rekebisha, rekebisha. Nimeona kijana mzuri sana kaharibikiwa kwa haraka ya kuchapisha. Makala za kusoma bure zipo kwa HINARI ya shirika la afya duniani, muulize mtu wa maktaba wa chuo kilicho karibu akuoneshe.

Muuguzi wa Mkoani

Na mkunga umtie kwenye hizo kurasa tatu, jina lake kwenye waandishi, si shukrani. Swali ni lake.

Kijana wa Michenzani

Basi benki mmemkosesha. Jamani na benki wanatoa ruhusa ya masomo, mtu anaweza kukaa miaka miwili akaweka akiba ya ada halafu akaja huku kwenye mbuzi na karafuu. Mie sisemi asisome, nasema asile upepo.

Dada wa Ng'ambo

Kijana hapo sikupingi, nna rafiki kafanya hivyo hivyo. Ila karudi baada ya miaka sita si miwili, na ile hamu ya kutazama madaftari ilikuwa imeshamtoka, mshahara ulishakuwa na watu wake. Pima mwenyewe bint.

Bint Jadida

Nimerudi, samahani nilikaa kimya, mwisho wa mwezi ule.

Kurasa tatu nimeandika moja na nusu. Mkunga nimemwambia ntamtia jina, kasema nimuache ana zamu, halafu jioni kanitumia ujumbe jina lake kamili herufi kwa herufi na la babu.

Jana usiku nilimuonesha baba grafu, ndani ya laptopu yangu tu Ami usinigombeze, na hospitali sikumtajia. Nilitaka aone kazi yenyewe ndo nini. Kavaa miwani, kauliza huu mstari ni wa nini, nikamwambia tu ni mambo ya kazini baba, tazama hapa unapozama kila mwaka, na sikumtamkia karafuu makusudi. Akatazama sana. Akaweka kidole mwaka wa kwanza, akaweka mwaka wa tatu, akasema hizi si ndo karafuu. Nikatetemeka. Halafu akaja kwenye ule mwaka wa kati, ule niliodhani nimeingiza vibaya maana shimo limechelewa miezi miwili, nikamwambia hapo baba nimekosea mie.

Akasema hukukosea, mwaka ule zilichelewa kupevuka, tulichuma mwisho mwisho, wewe ulikuwa chuo.

Akavua miwani akaenda kulala. Binamu kapiga simu mara mbili leo sijapokea. Nimeomba daftari la BCG, wanasema kabati limefungwa na mwenye ufunguo yuko Chake mpaka Jumatatu.